Njia Isiyovunja Springi

Nunow Abdille alikuwa na desturi yake ya kumwaga oili. Hakuimwaga injini ikiwa baridi, kama wafanyavyo mafundi wavivu, kwa sababu oili baridi huacha uchafu wake ndani. Aliiwasha kwanza, akaiacha ingurume dakika kumi, akaizima, akatandika gunia chini ya lori, akalala chali na kufungua nati ya chini taratibu huku akisema bismillahi. Asubuhi ya Alhamisi moja ya Agosti, mwaka wa sitini na sita, mita ya lori ikiwa imefika maili themanini na nne elfu, alifungua nati hiyo katika karakana ya kambi ya jeshi hapo Garissa, na badala ya oili nyeusi yakatoka maziwa.

Hakushtuka. Oili ikiingiliwa na maji hugeuka nyeupe, kila fundi anajua hilo, na maana yake ni kwamba gasketi ya juu ya injini imekwisha. Nunow alikunja uso kwa sababu gasketi hiyo aliiweka mwenyewe, na haikuwa hata na miezi sita. Akakagua rejeta: maji yamejaa na hayana tone la mafuta. Akafungua plagi: kavu. Akarudi chini, akachovya kidole, akasugua, akanusa, akaonja. Yalikuwa maziwa ya ngamia, ya asubuhi ile ile, yenye joto lake na moshi wake. Gasketi ilikuwa nzima, na Nunow akashusha pumzi.

Injini ile hubeba galoni mbili za oili. Siku ile ilitoa galoni saba za maziwa. Msimamizi wa karakana aliitwa, akatazama, akauliza kama lori linatembea. Nunow akajibu kwamba linatembea, basi msimamizi akarudi ofisini kumalizia chai yake. Dereva naye, koplo mmoja wa kutoka bara ambaye kambi nzima ilimwita Koplo tu kana kwamba hakukuwa na mwingine, alisema hana neno na maziwa, ilimradi gari lisimlaze porini.

Na halikuwahi kumlaza. Lori lile lilikuwa kuukuu, limerithiwa kwa serikali ya wazungu pamoja na matundu yake, na kwa umri wake lilistahili kuwa limeshageuzwa banda la kuku. Lakini kila maili elfu moja Nunow alilifanyia sevisi. Alibadilisha oili, aliosha chujio kwa petroli, aliweka grisi kila palipo na nafasi ya grisi na pengine hata pasipo nayo, alibana mkanda wa feni, alipuliza vumbi, aligonga magurudumu kwa nyundo akisikiliza sauti yake. Alipenda kusema kwamba gari halifi kwa uzee, gari huuawa na mtu aliyesema atalitazama kesho. Wenzake walimtania kwamba angekuwa anamhudumia mkewe namna ile, mwanamke huyo angekuwa ameshanenepa akashindwa kupita mlangoni.

Lori lilikwenda Habaswein, likaenda mpaka Lafey na Banissa, likarudi. Lilikwenda kufanya nini, Nunow hakuuliza. Vita vilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Watu wenye ngamia walikuwa wameamriwa waache malisho waje kukaa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Waliochelewa kuja waliitwa shifta, yaani majambazi, na ngamia wao waliitwa hivyo pia. Nunow alikuwa mtoto wa wafugaji, na yote hayo aliyajua vizuri kabisa, lakini alijiambia kwamba yeye ni fundi wa injini, si fundi wa safari. Mtu anaweza kukaa ndani ya chujio la oili muda mrefu sana bila kutazama nje.

Siku ile ya kwanza alibeba maziwa nyumbani kwenye debe. Habibo, mkewe, akafunua kifuniko, akainama.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwenye lori."

Habibo akanusa mara ya pili. "Huu ni moshi wa Shamis," akasema. "Shamis wa upande wa laga, ule mto mkavu. Huchoma mzizi wa mti wa mswaki, na kijinga hukitia ndani kikiwa bado na mwali. Ndiyo maana maziwa yake yana uchungu kwa mbali."

Wanawake wa nchi ile hupitisha kijinga cha moto ndani ya dhiil, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, ili maziwa yasiharibike upesi. Kila nyumba ina mti wake na namna yake ya kufukiza. Mgeni akinywa husema tu kwamba maziwa yananuka moshi, lakini Habibo alitambua nyumba za watu kwa moshi wao, kama karani anavyotambua mwandiko.

Siku ya tatu Shamis aliletwa kijijini, upande wa pili wa seng'enge, na mikeka yake na wanawe, bila ngamia. Ngamia walikuwa wamepigwa risasi zizini, alfajiri, kabla ya kukamuliwa. Habibo alimpelekea galoni moja ya yale maziwa. Shamis akanywa, akataja jina la ngamia, akanywa tena.

Tangu hapo siku za sevisi zilijulikana. Watu wa kijijini walikuja kwenye ua wa karakana na birika, sufuria na makopo, wakapanga foleni, na askari wa lango akawa anawapanga vizuri ili wasizuie njia. Hakuna aliyestaajabu. Malalamiko yalikuwa ni kwamba Nunow hafagii vizuri na vumbi linaingia kwenye maziwa. Ilipozuka hoja kama ni halali, waliulizwa wenye elimu, na Maalim Dubow akaja mwenyewe, akakagua nati, akauliza ilioshwa kwa kitu gani. Kisha akatoa uamuzi kwamba maziwa ni maziwa, lakini yana mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa moshi. Basi kikombe cha kwanza ni chake akiwapo. Cha pili anywe yule ambaye mwenyewe atampa kwa mkono wake. Baada ya hapo ni ya wote.

Ikawa hivyo. Kila sevisi Habibo alisimama mbele ya foleni, akanusa debe la kwanza na kutaja jina, na mtu huyo akatoka mbele akanywa. Nunow alikuwa chini ya lori muda wote huo. Aliona miguu tu. Alijifunza kuwatambua kwa miguu yao, iliyochubuka na isiyochubuka, na akaona haya kuwatazama usoni. Siku moja jioni Habibo alimwuliza, bila ukali, huku akichambua mchele:

"Na ukiacha sevisi moja tu, itakuwaje?"

"Lori litaharibika," akajibu Nunow.

Habibo akaendelea kuchambua mchele.

Mwisho wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea, Koplo alirudi amenuna. Springi za nyuma zilikuwa zimekatika tena, mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Nunow aliingia chini akatazama zile bapa za chuma zilizovunjika, akasikia uchungu wa kweli, kwa sababu springi haikatiki kwa uzee, hukatika kwa njia mbaya. Mikono yake ilikuwa imejaa grisi na kichwa chake kilikuwa kimejaa springi.

"Koplo, wewe nabita mchanga ya laga," akasema kutoka chini. "Hiyo mchanga ndiyo naua springi. Wewe acha hiyo. Ukifika kwa mti mbili kubwa, bita kushoto. Iko njia ya changarawe mbaka kwa fisima ya mawe. Gumu kama sementi. Springi itakaa mwaka."

"Sasa hayo si ungeniambia mapema, fundi!" Koplo akasema. "Nimevunja springi tatu nzima kama mjinga." Akachora njia ile nyuma ya pakiti ya sigara, miti miwili, mshale na duara la visima, akamwonyesha Nunow ahakikishe. Nunow akatoa kichwa, akasahihisha mshale kwa kidole, na alama ya grisi ikabaki pale pale kwenye visima.

Saa kumi alikwenda kutia udhu. Alinawa mikono mara tatu, akajaza maji kinywani ili asukutue, na maji yakiwa bado mdomoni akakumbuka kwamba visima vile vya mawe vilichimbwa na babu yake. Njia ya changarawe aliijua kwa sababu aliipita utotoni akichunga. Na mwezi huu, kiangazi kikiwa hivi, aliyekuwa akinywesha pale alikuwa dada yake Batula, na mumewe Yarrow, na watoto watatu, na ngamia arobaini na wawili. Nunow hakutema yale maji. Aliyameza.

Lori lilikuwa liondoke Jumamosi alfajiri. Ijumaa yote alizungusha jambo lile kichwani. Angeweza kumwambia Koplo asipite njia ile, na Koplo angemwuliza kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa ni Batula. Angeweza kutuma mtu, lakini watu wote wenye miguu walikuwa ndani ya seng'enge. Likabaki jambo moja, na hilo lilikuwa mikononi mwake.

Jumamosi alifika karakana kabla ya Koplo, akatandika gunia lake, akaingia chini na spana. Nati ilikuwa pale juu ya pua yake. Ikilegezwa nusu mzunguko, oili ingedondoka kidogo kidogo tangu mjini, injini ingekauka, na lori lingekufa kabla ya kufika kwenye miti miwili. Hakuna ambaye angeuliza mengi kuhusu gari la maili themanini na sita elfu. Nunow aliweka spana kwenye nati, akaijaribu. Ilikuwa imelegea, kweli, kidogo kama unywele. Akaikaza. Akaongeza robo mzunguko ili iwe sawa.

Baadaye alijaribu kujiambia kwamba aliogopa. Sababu za kuogopa zilikuwepo: fundi aliyekuwa pale kabla yake aliitwa ofisini siku moja, na buti zake zilibaki chini ya meza mpaka zikachukuliwa na panya. Lakini chini ya lori, alfajiri ile, Nunow hakumwaza askari hata mmoja. Aliwaza kwamba gari lake halijawahi kulala njiani. Alijua kwamba ndilo analoliwaza, akaona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na mkono wake ukaendelea na kazi. Koplo alipowasha, injini ilishika kwa mpigo wa kwanza. Nunow alisikiliza mlio ule mpaka ulipopotea upande wa Habaswein, na hakusikia kasoro.

Jumatano mchana lori lilirudi na wanawake na watoto nyuma, na mikeka, na mwanambuzi mmoja. Koplo aliruka chini akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akagonga springi kwa kiatu.

"Nzima!" akasema. "Fundi, ile si njia, ile ni meza!"

Nunow hakuinua macho kutazama walioshushwa. Aliona miguu tu. Miongoni mwake kulikuwa na mguu wa kushoto wenye kovu la moto kwenye kisigino, uliounguzwa na jivu miaka thelathini iliyopita katika boma la baba yake. Akageuka akaenda kutafuta chujio.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na mita ilikuwa imefika. Aliwasha injini, akangoja dakika kumi, akazima, akatandika gunia. Hata kabla nati haijatoka yote alisikia harufu: mgunga, na ndani ya mgunga kipande kidogo cha utomvu wa manemane. Mama yake alifukiza hivyo. Alimfundisha binti mmoja tu, kisha akafa, na duniani pote hapakuwa na dhiil nyingine yenye moshi ule. Maziwa yakajaa debe la kwanza, la pili, la tano, hayakupungua nguvu. Msimamizi aliagiza mapipa yaletwe.

Foleni ilikuwa ndefu hadi nje ya ua. Habibo aliinama juu ya debe la kwanza, na kwa mara ya kwanza hakutaja jina mara moja. Alisimama ameshika kikombe, akalitazama lori upande aliokuwa mumewe. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida:

"Batula."

Batula akatoka mbele na dhiil yake tupu begani, watoto watatu wakimfuata. Watu wakampisha. Alipokea kikombe, akakiangalia, akanywa chote bila kupumzika.

"Adey," akasema, akimtaja ngamia wake. "Alizaa juzi." Akawapa watoto cha kwao, maana watoto huhesabiwa pamoja na mama. Kisha akachuchumaa karibu na gurudumu la mbele, akazungumza na miguu ya kaka yake iliyotokeza chini ya lori.

"Koplo wenu ni mtu mwema, walaal, ndugu yangu. Njiani aliwapa watoto maji yake. Akaniuliza mjini nina nani, nikamwambia nina kaka, fundi. Akafurahi sana. Akasema huyo ndiye aliyetuonyesha njia, ukifika mshukuru, maana bila yeye tungekwama mchangani na nyinyi mngekufa na jua."

Foleni iliacha kusogea. Hata askari wa lango alikuwa ameacha kupanga watu. Nunow akatoka chini ya lori pole pole, nati mkononi, nusu ya uso imepakwa grisi.

"Yarrow yuko wapi?" akauliza, ingawa alishajua.

"Tumemwacha kisimani. Walitupa nafasi ya kumzika, siwezi kusema hawakutupa."

"Abbaayo, dada yangu," akasema Nunow. Alitafuta neno la mtu mzima, la kaka, akalikosa, na lililomtoka likawa lile la kweli. "Nilikuwa nawaza springi."

"Najua," akasema Batula. "Tangu utoto uko hivyo. Ukichonga kengele ya ngamia ulikuwa husikii mtu. Mama alikuwa akikuita chakula kinapoa, wewe unachonga tu."

Hakuinua sauti, na Nunow alitamani angeinua. Angemtukana mbele ya watu wote, angemtemea mate, angalau ingekuwa na mwisho. Badala yake Batula alisimama, akachota kikombe cha pili, akakifuta ukingo kwa shuka yake, akamnyooshea kwa mkono wa kulia.

"Hiki ni cha ninayempa mimi," akasema. "Maalim alisema hivyo, nimeambiwa. Kunywa."

Nunow alimtazama Habibo. Habibo alikuwa akitazama chini. Alimtazama Maalim Dubow aliyekuwa na birika lake katikati ya foleni, na Maalim akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa huo ndio ulikuwa uamuzi wake. Basi Nunow alikipokea kikombe kwa mikono miwili michafu, akanywa mbele ya kijiji kizima. Alitaka yawe machungu. Yalikuwa matamu, mazito, ya ngamia aliyelishwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na moshi wa mama yake ambao hakuuonja tangu alipoacha kuchunga akaja mjini kujifunza injini. Akamaliza, kwa sababu kubakiza ni tusi.

"Ni mazuri?" Batula akauliza.

"Ni mazuri."

"Haya," akasema Batula, akaenda kujaza dhiil yake, na foleni ikaanza kusogea.

Maziwa yalitoka mpaka adhuhuri, kisha yakakoma. Nunow alirudi chini, akafuta tundu kwa kitambaa safi, akarudisha nati, akaikaza, akaongeza robo mzunguko. Akaosha chujio. Akamimina galoni mbili za oili mpya, akapima kwa kijiti, akapima tena. Kwenye kadi iliyoning'inia kwenye usukani akaandika lini lirudi: maili themanini na nane elfu. Tarakimu zilisomeka vizuri.

Tangu siku hiyo Batula aliishi upande wa pili wa seng'enge, na kila Alhamisi ya sevisi alikuja kupanga foleni kama wengine. Alimsalimia kaka yake, akamwuliza hali ya mgongo wake, akasubiri zamu yake ya maziwa ya watu. Nunow alimjibu vizuri, akiwa chini ya lori.

Jumatatu lori liliondoka tena alfajiri, likapita kwenye miti miwili, likashika kushoto. Springi zilikaa mwaka mzima, kama alivyosema.